Kazi Imegoma Kidogo

Jumanne asubuhi, jua halijafika mlangoni

Mwanangu Mkubwa,

Basi paa limekwisha, usiniulize tena habari za paa. Fundi alipanda, akashuka, akapanda, mara kasahau nyundo juu, mara kasahau kama yeye mwenyewe yuko juu, lakini limekwisha, na mvua ya juzi imepita pembeni kama haitufahamu. Mkamwana anaandika, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila kitu, asichague chague kama anapembua mchele.

Sasa hiyo barua yako. Fupi! Mtoto niliyemfundisha kusema mwenyewe, ananiandikia eti hajambo, kazi imegoma kidogo, nisiwe na wasiwasi, salamu kwa wote. Imegoma, imegoma vipi? Marehemu baba yako alikuwa na lori lililogoma kila kukicha na wala hatukuandikiana barua. Tulishuka tukasukuma. Mimi na mimba yako tumboni, nasukuma, yeye kakaa ndani kashika usukani ananiambia ongeza nguvu. Wanaume nyinyi! Kwa hiyo kama kazi imegoma, iteni watu, isukumeni, wekeni gia ya pili, achieni klachi ghafla. Itawaka. Najua fundi ni wewe, lakini nimesema.

Nilikuwa nataka kusema nini? Mkamwana anasema nilikuwa nataka kusema habari ya Kitinda. Ndiyo! Kaa chini kwanza. Kitinda kapata kazi! Si ile ya kutengeneza pikipiki za watu pale kwenye kibanda cha stendi, mtu anamwambia nitakuona kesho halafu anapita njia ya nyuma mwezi mzima. Kazi hasa. Alhamisi lilikuja basi dogo jeupe, likasimama sokoni. Akashuka mwanamume mwenye tai. Jua lote lile, na tai. Anatafuta mafundi wa magari. Nikamuuliza, we baba mwenye tai, kazi yenyewe iko wapi? Akanionyesha mlango wa basi. Kusoma sijui, lakini ile chapa ya ndege wa bluu naijua, ndiyo iliyo kifuani kwenye ovaroli yako, nimeifua mpaka imenizoea. Kampuni yako! Duka lile lile la magari mapya, karakana ile ile! Nikapiga kigelegele hapo hapo sokoni, muuza nyanya akadhani nimeona nyoka.

Tena sikuishia hapo, unanijua. Nafasi zilikuwa bado zipo, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Mama Kipara, mtoe mwanao. Mama Mrefu, wako analala mpaka saa ngapi? Yule dada wa mapacha wa gereji ya matofali nilimkuta anafua, nikamwambia acha kufua, bahati imekuja na magurudumu. Basi lile nimelijaza mimi kwa mdomo wangu. Mwenye tai akanishika mkono, akasema, Mama, kampuni haitakusahau.

Wameondoka Jumamosi. Mpokee mdogo wako, muonyeshe mahali pa kulala, na umwazime spana zako mpaka apate zake. Nimemwambia utamwazima. Ndugu wawili, tumbo moja, karakana moja. Nikilala usiku nacheka peke yangu.

Mimi mama yako,
kwa mkono wa shemeji yako, mke wa Kitinda, aliyechoka kuandika


Ijumaa, tarehe 14

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa kondakta. Hongera kwa paa. Kitinda alifika salama, nimemwona. Kazi bado imegoma, tunaisukuma kama ulivyosema. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Mkubwa

Shemeji, kuanzia hapa usimsomee Mama.

Hakuna injini iliyogoma huku. Tumegoma sisi, mafundi wote wa karakana. Nilimficha Mama kwa sababu ya moyo wake, na ona sasa nilichokitengeneza.

Sisi tunalipwa kwa saa za kitabu. Kitabu cha kampuni kikisema kubadilisha breki ni saa moja, unalipwa saa moja. Spea ikichelewa kutoka stoo, mteja akichelewa kukubali bei, gari la mwenzako likikaa juu ya lifti, wewe unasimama na ovaroli yako unangoja, na muda huo kwao haupo. Kuna siku naingia asubuhi natoka jioni, na kitabuni nimefanya kazi ya saa mbili. Tulikwenda kwa Meneja na ombi moja tu: kusubiri kuhesabiwe kuwa ni kazi. Akacheka. Akasema hajawahi kusikia mtu analipwa kwa kusimama. Ndipo tukatoka.

Tulipotoka, masanduku yetu ya spana yalibaki ndani, akayafungia. Unajua spana ni mali ya fundi, kampuni haikununulii hata bisibisi. Langu ni lile jekundu lenye magurudumu, nimelijaza spana moja moja tangu sijaoa. Kwa hiyo Meneja alikuwa na magari na spana, akakosa mikono tu. Jumamosi jioni mikono ikaletwa kwa basi.

Nilikuwa getini na wenzangu. Basi lilipopunguza mwendo nikamwona Kitinda dirishani. Na yeye akaniona. Shemeji, alifurahi! Akanipungia mkono, akanipungia na wa pili. Alidhani nimekuja kumpokea. Karibu yangu alisimama katibu wa chama chetu cha mafundi, yeye ni fundi wa umeme wa magari, tunamwita Shoti. Akaniuliza, yule unamfahamu? Nikasema simfahamu.

Mlinzi mmoja ametuambia kwamba vijana wameelezwa kuwa sisi ni wezi tuliofukuzwa. Wanalala stoo ya matairi na hawaruhusiwi kutoka. Juzi, kupitia nondo za geti, nilimwona Kitinda amefungua sanduku langu. Anajua ninavyoficha ufunguo, tabia ya tangu nyumbani. Nilihisi kama mtu ameingiza mkono mfukoni mwangu nikiwa macho.

Meneja ametoa tangazo: ambaye hajaingia kufikia Jumatano, nafasi yake inachukuliwa na mgeni. Magari yakianza kutoka yametengenezwa, sisi basi. Wenzangu wana watoto, wengine wameanza kuangaliana. Nami sijui nimwite vipi mtu niliyesema simfahamu. Mama asijue, ataugua.

Shemeji yako


Jumapili jioni, barua nimesomewa alfajiri

We Mkubwa,

Kanisomea. Yote. Tena pale ulipoandika usimsomee Mama ndipo alipoongeza sauti, jirani akazima redio ili asikie vizuri. Mkamwana huyu ni wangu, si wako, ulifikiri ataficha kitu humu ndani? Nyumba yenyewe ina chumba na nusu!

Eti nitaugua. Naumwa, ndiyo, lakini naumwa hasira, na hasira ikinishika miguu inapona. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba waliogoma ni watu wala si kazi, yule mwenye tai angepanda basi lake peke yake, akakaa kiti chochote anachotaka. Umeniandikia mafumbo, nikapiga kigelegele sokoni! Nimewapelekea adui zako mikono, na nimeichagua mimi, nikaacha wavivu nikachukua wenye bidii. Kaniambia kampuni haitanisahau. Hilo nalihakikisha.

Na wewe umemkana mdogo wako. Hilo tutalizungumza siku nikikuona usoni. Anakupungia mikono miwili, unasema humfahamu? Nani alimbeba mgongoni mpaka akamkojolea? Mkamwana analia. Nimemwambia alie na mkono wa kushoto, wa kulia uandike.

Sasa sikiliza. Basi nililijaza kwa mdomo, na kwa mdomo huu huu nitalimwaga. Asubuhi nimezunguka tena nyumba zile zile. Mama Kipara alitaka kunipiga na mwiko, akanisikiliza, akanipa maneno. Wote wamenipa maneno. Hii inayofuata ni ya vijana walioko ndani. Isome hapo getini kwa kile chombo cha kukuza sauti, najua chama hakikosi. Usiifupishe. Nakujua wewe na barua zako fupi.

Nyinyi watoto mlio ndani, mimi ni mama yake Kitinda, yule aliyewatoa vitandani. Nilisema ni bahati. Haikuwa bahati, nimedanganywa, nami nikawadanganya kwa furaha. Hao walio nje hawajaiba kitu. Mmoja ni mwanangu wa kwanza, na angekuwa mwizi ningekuwa wa kwanza kumkamata, maana sukari yangu naijua inavyopungua. Wametoka kwa sababu wanasubiri bila kuhesabiwa. Basi na nyinyi mmekaa humo mnasubiri spea, si ndiyo? Mnahesabiwa? Ulizeni. Muulizeni mwenye tai leo.

Kipara, mama yako anasema ulimwachia mlango wa choo haufungi, na anasema usile kazi ya mtu mwenye watoto. Mrefu, wako anasema inama unapopita milango ya huko, halafu toka. Nyinyi mapacha, dada yenu kaniambia mmoja akitoka na mwingine atatoka tu, kwa hiyo nimtafute mwenye akili nimwambie yeye. Simjui ni yupi. Jijueni wenyewe.

Kitinda. Mwanangu. Kaka yako yuko hapo nje, ndiye anayesoma. Sauti inamtetemeka, usimcheke. Nilikwambia atakuazima spana, hukukosea kufungua. Ila sasa umejua, na mtu akishajua hawezi kurudi kutojua. Ukitoka humo usitoke mikono mitupu. Nimekulea vizuri, huwezi kutoka nyumba ya watu ukaacha vitu vyako.

Na nyinyi walinzi hapo getini, msijifanye mnatazama juu. Meneja anasema hajawahi kusikia mtu analipwa kwa kusimama. Nyinyi mnalipwa kwa kufanya nini? Si mnamsubiri mwizi? Mwizi asipokuja mwezi mzima, mnakatwa mshahara? Haya, mwambieni.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, mwambieni Kipara mlango wa choo nimeufunga kwa kamba.

Mama yenu


Jumamosi, tarehe 22

Mama, shikamoo, na tena shikamoo.

Safari hii siandiki kwa kifupi.

Barua yako ilifika Jumanne mchana. Nilitaka kusoma ile sehemu ya vijana tu. Shoti akaitazama, akasema, “Kaka, mama kasema usifupishe. Soma kuanzia juu.” Nikamwambia huku juu kuna mambo ya nyumbani. Akasema, “Nyumbani kwako ndiko basi lilikotoka.” Akaniwekea spika mdomoni.

Mama, nimesoma. Nimesoma jirani na redio yake, nimesoma mkono wa kushoto na wa kulia. Wenzangu walianza kucheka, halafu nikasikia kicheko kingine, cha ndani. Vijana walikuwa wameacha magari, wamejipanga kwenye mlango wa karakana na mikono yao ya grisi. Nilipofika pale pa kumkana Kitinda, nikakwama. Shoti akasema, soma. Nikasoma. Huko ndani mtu akazima mashine ya kujazia upepo ili wasikie. Nikashusha barua, nikasema kwenye spika, bila kuandikiwa na mtu: “Yule mwenye ovaroli fupi ni mdogo wangu. Namfahamu. Nilisema simfahamu, nikadanganya.”

Kitinda akageuka akaingia ndani. Nikajua nimempoteza.

Nikaendelea kusoma, ningefanya nini? Nikasoma Kipara, nikasoma Mrefu, nikasoma mapacha, ikawa kelele, kila pacha anamnyooshea mwenzake kidole. Meneja akatoka ofisini anapiga makofi, “Kazini! Kazini!” Mrefu akamuuliza kwa adabu kabisa, “Bosi, tangu asubuhi nasubiri gasketi. Nahesabiwa?” Meneja akamwambia aache upuuzi. Basi. Hakuhitaji kusema zaidi. Nilimwona Mrefu anavua glavu, kidole kimoja kimoja.

Walinzi wawili, nilipofika kwenye mwizi, mmoja mzee alicheka mpaka akakalia kiti chake vibaya kikaanguka. Akasimama, akajikung’uta, akamtazama mwenzake. Akatoa komeo la geti, akatangaza anakwenda kunywa maji. Mwenzake naye akasema amepatwa na kiu.

Ndipo tukasikia mlio. Mama, ungekuwepo! Magurudumu ya chuma kwenye sakafu ya saruji, kwanza moja, halafu mengi, kama treni inaingia. Kitinda alitangulia, analisukuma sanduku langu jekundu, kainama kama wewe na lile lori. Nyuma yake Kipara na sanduku la Shoti, nyuma yake mapacha na mawili, mmoja anavuta mwingine anasukuma, hawaelewani. Yote, Mama. Hawakuacha hata moja. Meneja alisimama katikati ya njia, mikono kaitandaza. Mrefu akamwambia, “Bosi, kaa pembeni, hizi hazina breki.” Akakaa pembeni.

Tulikuwa tunalia na kucheka, wanaume wazima. Kila mtu anatafuta sanduku lake na kulipapasa kama ng’ombe aliyerudi. Kitinda akasimamisha langu mbele yangu. Hakunitazama. Akasema, “Angalia kama kuna kilichopungua.” Nikafungua. Nikamwambia, “Umechanganya namba kumi na mbili na kumi na tatu.” Akasema, “Wewe ndiye uliyezichanganya, nimezikuta hivyo.” Tukaanza kubishana hapo hapo barabarani, Mama, mpaka Shoti akatutenganisha, na kumbe tulikuwa tumeshikana mikono.

Ndani kulibaki magari yamefunguliwa vifua, bila mkono na bila spana. Wateja walikuja, wakakuta milango wazi na Meneja anashika simu mbili. Siku iliyofuata mwenye kampuni alikuja mwenyewe. Tuliketi naye. Alijaribu kuligawa ombi letu: robo ya muda wa kusubiri, nusu ya muda wa kusubiri. Shoti akamwambia, “Mzee, hakuna nusu ya kusubiri. Mtu yupo au hayupo.” Jana jioni wametia saini. Kuanzia ukiingia getini mpaka unatoka, umehesabiwa. Hakuna aliyefukuzwa. Vijana wa basi wanaotaka kubaki wanabaki, kwa mkataba ule ule na ndani ya chama. Kipara amesema anarudi kufunga mlango. Wengine wote wamebaki.

Wenzangu wanakuita Mwenyekiti. Nimewaambia hujui kusoma, Shoti kasema ndiyo maana huruki mistari.

Mwanao, na namfahamu mdogo wangu,
Mkubwa

Mama, ni mimi Kitinda. Kaka kaniachia nafasi ndogo hapa chini, unajua alivyo. Niliingia ndani ile siku kwa sababu ya sanduku, si kwa sababu ya hasira. Hasira nilikuwa nayo pia. Alipotamka kwenye spika kwamba ananifahamu nilitamani kulia, sikutaka Mrefu anione. Mwambie mke wangu nampigia simu ya dukani Jumatatu, aache kuandika asubiri hapo.


Jumatatu, nje, kwenye kiti, kila mtu anasikiliza

Wanangu wawili,

Leo siandikishi ndani, watu hawaenei. Mkamwana kasoma barua yenu mara nne. Ya kwanza yangu, ya pili ya Mama Kipara aliyekuja kachelewa, ya tatu ya watu wa barabarani, ya nne ni yeye mwenyewe alikuwa anataka tu kufika pale kwa Kitinda. Nimemwona. Na simu keshapigiwa, karudi anatembea kama amevaa viatu vipya, na miguuni hana kitu.

Nilipiga kigelegele, na sasa kilikuwa na haki yake. Muuza nyanya aliuliza tena kama ni nyoka, nikamwambia ndiyo, tumemuua. Pale uliposema wanasukuma masanduku nilimfanya mkamwana asome polepole. Tena. Tena. Nikafumba macho nikawa nasikia magurudumu. Mimi ndiye niliyemfundisha Kitinda kusukuma, nilimwambia mgongo ulale, miguu ndiyo ifanye kazi, si mikono. Baba yenu angeona! Yeye angekaa kwenye usukani, lakini angeona.

Mkubwa, bado nina lako moja la kusema, la kumkana mdogo wako. Nilisema tutazungumza usoni. Umesema mbele ya watu na spika, nimekupunguzia, lakini sijalifuta. Mwenye tai kaonekana mji wa jirani, eti anatafuta wapaka rangi. Mama Mrefu keshapeleka habari huko, kapanda gari la mkaa alfajiri, kavaa nguo za kanisani. Wanawake hawa nawaogopa, na ni mimi niliyewaamsha.

Sasa habari ya huo mkataba. Nataka kujua, mtu akienda chooni anahesabiwa? Maana Meneja wa namna hiyo ataanzia hapo. Mwambieni Shoti aandike na choo. Na kunawa mikono jioni, ile grisi haitoki kwa dakika moja, mimi ninayefua najua. Na walinzi je? Wale wawili waliokwenda kunywa maji, wamewafanyaje? Msile ushindi mkawasahau walinzi. Nendeni kesho kwa huyo mwenye kampuni, mwambieni mama kauliza...

Nani ananiita? Mwambie asubiri. Ni kondakta, kaja kuchukua barua. Bado! Bado sijafika hata nusu! Anasemaje? Mkamwana, anasemaje huyu? Eti mafundi wamempa maagizo, safari hii asichukue barua, achukue mwenye mdomo. Eti kiti cha mbele, cha dirishani, karibu na dereva, wamekishika wao. Mimi? Leo? Na hili gauni? Andika kwamba siwezi kwenda popote na gauni hili. Hapana, usiandike hivyo, niletee lile la kijani. Mama Kipara, shika kuku wangu. Viatu viko chini ya kitanda, cha kushoto kimetangulia mbele. Nakuja, baba, nakuja, usipige honi kama unafukuza mbuzi! Kalamu iache hapo hapo, mkamwana, na wewe vaa, unafikiri nani atanisom